Akaunti isiyo na picha iliyokuwa ikiandika chini ya kila tangazo la kundi letu

Wakuu, salaam kutoka Kolwezi, Kongo.

Naomba niwasimulie jambo lililotokea katika kundi letu la Facebook. Nitalieleza kwa utaratibu, jinsi nilivyoliona mwenyewe, bila kulitia chumvi.

Kundi hilo ni la familia za kartie yetu, yaani mtaa wetu. Tunatangaziana misa, harusi, misiba, na habari za vijana wetu wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, ambao hapa huitwa creuseurs. Ma-admin ni wawili: mimi, mwalimu wa historia, na Tata Benoît, karani mstaafu wa reli, mtu wa mizaha asiye na subira hata kidogo na matapeli.

Kazi yetu kubwa ni kufagia spam. Kila asubuhi tunakuta wanunuzi wa madini wasiojulikana, ajira za Kanada, na manabii wenye namba za WhatsApp. Kwa hiyo tulijiwekea desturi: akaunti ikiwa mpya, haina picha, na inarudia maneno yaleyale kila mahali, tunaiblock bila kuuliza.

Desturi hiyo ilitufaa kwa muda mrefu.

Kisha ukuta wa shimo moja nje ya mji ukaporomoka. Miongoni mwa vijana ambao hawakuonekana baada ya hapo alikuwa Kabange, mwana wa Mama Thérèse, muuza unga wa sokoni kwetu. Simu yake haikupatikana tena. Jirani akaweka picha ya Kabange katika kundi, akaomba mwenye habari ajitokeze.

Zikajitokeza akaunti mbili.

Ya kwanza ilikuwa na jina kamili la Kabange, picha zake za kanisani, na marafiki wengi. Ilimwandikia mama yake faraghani kwamba ameumia, amelazwa zahanati, na inatakiwa pesa ya matibabu kwa njia ya simu, haraka.

Ya pili ilijiita Simba wa Tenke, kwa jina la mji mwingine wa machimbo. Haina picha. Haina rafiki hata mmoja. Chini ya kila tangazo, hata la harusi, iliandika maneno yaleyale: "Mama Thérèse, batoto bako babili banakusalimia. Tuko Tenke."

Tata Benoît, tuliyekuwa naye barazani kwangu, alikuwa ameshaweka kidole tayari.

"Mwalimu, iyi compte iko ya bongo. Tuifunge tu."

(Huku kwetu "compte" ni akaunti, na "bongo" ni uongo. Ndugu zangu wa Dar msinune.)

Nami niliafiki. Mama Thérèse nilimfahamu kuwa na mtoto mmoja, si wawili. Lakini yeye alikuwa amekaa papo hapo barazani kwangu. Alikuja kuniomba nimsaidie kutuma ile pesa, na alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kununua magunia yake yote ya unga. Kabla ya kuibonyeza ile block, nilimsomea maneno yale kwa sauti.

Akasimama.

"Soma tena, tata."

Nikasoma tena.

"Mi nilizala mapasa," akasema. "Kyungu na Kabange. Kyungu alikufa angali mudogo. Lakini mu nyumba yetu hatusalimie mumoja."

Wakuu, mapasa ni mapacha. Nilijua kwamba Kabange ni jina la pacha, ila nilidhani amelirithi jina hilo kwa babu fulani, sikuwahi kuuliza. Familia nyingi za Kiluba humsalimu pacha aliyebaki pamoja na mwenziwe aliyetangulia, naye hujibu kwa niaba ya wote wawili. Hakuna anayeweka desturi hiyo kwenye profile.

Mama Thérèse akaniagiza niziulize akaunti zote mbili swali moja: "Mwenzako iko wapi?"

Yenye picha ilijibu upesi: mwenzake pia ameumia, naye anahitaji matibabu.

Simba wa Tenke alikawia. Kisha akaandika: "Mwenzangu analala Kamina, pembeni ya kaburi ya tate. Mama, bananiiba simu, namba yako sikuishika mu kichwa." (Tate, kama tata, ni baba.)

Tukamtumia namba. Simu ya Mama Thérèse ilipolia, hakuuliza kama ni yeye.

"Kyungu, jambo," akasema. Kisha akaendelea: "Kabange, jambo."

Sauti ya upande wa pili ikaitikia mara mbili. Tata Benoît akageuka kutazama ukuta wangu kana kwamba una jambo la kusomwa.

Ilibainika kwamba kijana alikuwa ameliacha shimo lile kabla halijaporomoka, akaenda kujaribu bahati Tenke.

Akaunti yenye picha tuliiripoti, tukaiblock. Magunia hayakuuzwa.

Nililojifunza ni hili: picha na marafiki vinaibika, na mtu mkweli aliyepoteza simu huonekana mtandaoni sawasawa na tapeli. Siku hizi hatufungi akaunti ya mtu anayemtaja mtu wa kwetu kabla ya kumwita huyo aliyetajwa amuulize jambo la nyumbani kwao. Spam inakaa saa chache zaidi, na tunaivumilia.

Simba wa Tenke hajaweka picha mpaka leo. Tata Benoît humwandikia chini ya kila komenti: "Jambo ninyi babili, wekeni sura basi!"

Ninyi wenzangu mnaosimamia makundi, je, kwenu mngeuliza swali gani? Karibuni tujadiliane.