Muhuri Juu ya Laini ya Maskati

Katika ukoo wetu, kuanzia Masasi hadi Newala, mtu wa kwanza kuweka kwenye simu laini isiyo na kadi ni mimi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Ni jambo linalojulikana. Nilikaa Dubai miaka tisa, mchana nikipanga mizigo ghalani, jioni nikisoma, nikarudi na stashahada ya ugavi ambayo hakuna mjomba wala shangazi aliyenisukuma kuipata. Leo nina duka la vifaa vya umeme wa jua Masasi mjini, na mtu akikwama na simu yake, hata kama aliinunua duka jingine, analetwa kwangu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi huko Maskati, alipojifungua mtoto wake wa kwanza na kumwomba mama aende akae naye siku arobaini, kila mtu alijua safari hiyo itapangwa na nani. Nilishughulikia pasipoti, viza na tiketi. Mama anaishi Newala, katika nyumba yenye kisima cha maji ya mvua nilichomjengea mimi. Alikuwa hajawahi kupanda ndege, na alikuwa na sharti moja tu.

"Nikishuka kwenye hilo dege, nisikie sauti ya mwanangu kabla sijaongea na mtu mwingine yeyote. Simu isipoita pale pale, mimi siendi."

"Itaita, mama."

"Isipoita siendi. Mtoto ataletwa huku akishaweza kutembea."

Hakuwa anatania. Aliwahi kuacha harusi ya Mtwara, nguo zikiwa zimeshapigwa pasi, kwa sababu hakumpenda dereva. Na mdogo wangu alikuwa akinipigia kila jioni akilia. Mtoto alikuwa hanyonyi vizuri, mumewe alikuwa kazini jangwani, na alichotaka ni mama yake tu.

Ndipo nilipoamua kutumia laini isiyo na kadi. Kwa ambao hawajafika huko nilikofika, nieleze. Hii ni laini inayokaa ndani ya simu yenyewe. Unainunua mtandaoni ukiwa nyumbani, unaletewa kwa barua pepe alama ya mraba yenye vidoti vyeusi, unaielekezea kamera ya simu, na laini inaingia. Ukitua ugenini unakuta mtandao unakusubiri. Simu ya mama iliweza kazi hiyo, maana ilikuwa yangu ya zamani.

Maelezo yalisema alama ifunguliwe kwenye kifaa kingine au ichapwe kwenye karatasi. Nikachagua kuichapa, kwenye karatasi ngumu, tena kwa rangi, ingawa alama yenyewe ni nyeusi tupu. Mtu wa kiwango changu hampelekei mama yake kitu nusu nusu. Dada wa steshenari alipouliza kama karatasi ni ya kusafiria nikamwambia ndiyo, akaitia plastiki ngumu pande zote mbili kwa heshima.

Alhamisi jioni nilifika Newala. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake na anaishi naye, akaigeuza nyuma na mbele.

"Laini yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama mdogo."

"Hii karatasi?"

"Imo ndani ya karatasi. Kila kitu kimo humo. Kesho baada ya chai nitaiingiza kwenye simu."

"Kumbe Dubai ulikwenda kusomea karatasi."

Nikamsamehe. Hakuvuka darasa la nne.

Ijumaa nilipoamka, nyumba ilikuwa tupu. Karatasi haikuwepo. Walirudi saa nne, wote wawili wamevaa nguo za kanisani, na mama ana uso wa mtu aliyemaliza kazi ambayo mwanawe alimwachia.

"Karatasi inavuka bahari haina hata muhuri," akaniambia. "Na wewe umesoma."

Walikuwa wametoka kwa mtendaji wa mtaa. Nilipaswa kulitarajia. Wakati wa kutafuta pasipoti mama alipeleka kwake barua ya utambulisho, akaona jinsi picha yake ilivyobandikwa na muhuri ukagongwa nusu usoni na nusu kwenye karatasi. Tangu siku hiyo aliamini kwamba hakuna karatasi inayopita mpakani bila jambo hilo.

Mtendaji kwanza alikataa, kwa kuwa wino haushiki kwenye plastiki. Wakaagiza wembe. Plastiki ikachanwa, karatasi ikatolewa. Mtendaji akatafuta picha ya mhusika, akauona ule mraba wa vidoti.

"Shikamoo tena mama, samahani. Picha ndiyo hii?"

"Marahaba. Mwanangu alisema kila kitu kimo humo."

Basi akagonga muhuri wa kwanza kwenye pembe ya alama, na kwa kuwa haukutoka vizuri, akagonga wa pili katikati. Pembeni akaandika kwa kalamu ya bluu: *Namtambua mhusika kuwa mkazi wa mtaa wangu.* Akatia sahihi.

Nilichukua simu ya mama, nikaielekeza. Haikuona kitu. Nikasogea dirishani. Hakuna. Mama mdogo akaanza kucheka polepole.

"Mashine za Dubai zimeshindwa na wino wa mtendaji."

Ningeweza kuifungua ile barua pepe kwenye simu yangu, mama aelekeze yake hapo, tukamaliza. Nilijua hivyo, na ndivyo nilivyokusudia. Ila kwanza nilitaka kuonyesha kwamba tatizo ni kamera ya zamani na si mimi. Nikaichukua simu yangu, yenye kamera tatu, nikaielekeza kwenye karatasi. Iliisoma kabla mkono haujatulia. Ikauliza: niongeze laini? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikabonyeza ndiyo.

"Mnaona?" nikasema.

Waliona. Laini ya mama ya Maskati ilikuwa imeingia kwenye simu yangu.

Nikawaandikia waliouza. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba alama hutumika mara moja tu, na laini ikishaingia kwenye simu haihamishwi. Si jambo la kumtisha mtu kama mimi.

"Mama, nanunua nyingine sasa hivi. Dakika tano."

"Hiyo nyingine itakuwa na muhuri?"

"Haihitaji muhuri."

"Mtendaji ameshaondoka kwenda kwenye mnada wa korosho. Harudi mpaka Jumatatu. Basi la Dar ni kesho alfajiri."

"Mama, muhuri haufanyi kazi yoyote pale."

"Kabla haujagongwa, simu iliisoma?"

Kabla haujagongwa nilikuwa sijajaribu.

"Umegongwa, ikasoma. Mara moja," akasema mama.

"Kwenye simu yangu!"

"Basi nitakwenda na simu yako. Au nisiende?"

Akanigeuzia Kimakonde, lugha anayotumia na watu anaowaona bado watoto, akasema mjukuu asipomwona bibi yake itakuwa juu yangu.

Tukabadilishana kadi za kawaida, yake ikaingia kwenye simu yangu, yangu kwenye yake. Simu yangu hufunguka kwa sura, kwa hiyo ikabidi niifute ya kwangu na kuingiza ya mama. Simu ikamwambia azungushe kichwa taratibu.

"Nizungushe kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya simu, mama."

"Hata kunisalimia haijanisalimia."

Mara mbili mama mdogo aliingiza uso wake ili aone kinachoendelea, na mara mbili tukaanza upya. Mwishowe ikamkubali mama. Nilipoishika mimi ikakataa kufunguka. Ndani mlikuwa na barua za duka langu na picha zangu zote mbele ya majengo marefu. Nikamfundisha kitufe kimoja tu, cha kuondoa hali ya ndege, na Jumamosi alfajiri akaondoka.

Jumatatu mchana nilikuwa bado Newala, sina raha hata ya kula, niliposikia simu ya mama inaita. Kwenye kioo ilitokea picha yangu mwenyewe, nimevaa suti. Nilikuwa najipigia, kwa video, maana akaunti iliyo kwenye simu aliyoondoka nayo mama ni yangu. Nikapokea.

"Nimefika," ilisema sauti ya mama. "Nilimsikia kabla sijafungua mkanda. Yule dada wa ndege ananisemesha, nikamwonyesha kidole: ngoja kwanza."

Nyuma yake mdogo wangu alikuwa anacheka, na kitu kidogo kikapiga chafya.

"Mama, sikuoni. Ondoa simu sikioni."

"Nikiiondoa nitakusikiaje?"

Basi nikakaa kwenye kigoda nikilitazama sikio la mama, kubwa kioo kizima, huku yeye akinieleza jinsi mtoto anavyonyonya sasa. Mama mdogo akaja mbio kutoka jikoni, miwani haijui iko wapi, akainama juu ya bega langu.

"Ndiye huyo?" Akatazama kwa muda mrefu. "Katoka upande wetu huyu. Tazama alivyo."

Sikumsahihisha.