Moto Ulipomsalimia Zuhura

Nilipokuwa mtoto, kule Hewani, watu wa kwetu waliamini moto wa shamba unawajua wenye shamba. Mnachoma vichaka kabla ya mvua, mtoto wa wenye shamba akikanyaga kaa la moto akanyamaza upesi, basi moto umemsalimia tu, na mpunga mwaka huo utakubali. Niliamini, kwa nini nisiamini, nilikuwa na miaka minane.

Siku hiyo niliachiwa mdogo wangu Zuhura, wa miaka minne, nami nikaenda kufukua viazi vyangu majivuni. Kugeuka, mguu wake umezama kwenye kisiki kilichokuwa kikiungua chini kwa chini. Nikamvuta, nikaungua vidole, nikapiga yowe shamba zima likaja. Zuhura alilia mara moja, akanyamaza, akakaa anautazama unyayo wake.

Vidole vyangu vilikuwa vyekundu, vimeanza malengelenge, kila mtu ananipulizia mimi. Unyayo wake ulikuwa mweupe, mkavu kama ngozi ya ngoma, hauna lengelenge hata moja.

“Huyu ndiye mwenye shamba,” mjomba akasema akicheka. “Wewe dada mtu umeguswa tu, unatutoboa masikio.”

Niliona aibu. Lakini nilifurahi pia, niseme ukweli, maana Zuhura asipolia mama hatanichapa.

Nyanya akaja polepole na jembe lake, akavitazama vidole vyangu. “Huyu anayelia mkono wake uko hai, mtilieni maji.” Kisha akachuma unyasi, akaupitisha unyayoni mwa Zuhura.

“Unasikia, mama?” akamuuliza Zuhura.

“Nini, nyanya?”

Nyanya akautupa ule unyasi. “Moto haujamsalimia huyu. Umeingia ndani, unakula. Tafuteni pikipiki.”

“Lakini halii, mama,” mjomba akasema.

“Ndiyo maana nakwambia.”

Hospitalini Ngao walisema hivyohivyo kwa maneno ya shule, kwamba moto umefika chini, umeunguza hata mishipa ya fahamu. Baadaye Zuhura alibandikwa ngozi ya pajani. Leo anatembea, anachechemea kidogo, na akiniona nautazama mguu wake ananirushia kandambili.

Sasa nina wangu, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na jiko langu liko chini. Akilia nampokea, namtazama, moyo unatulia. Akinyamaza ghafla ndipo naacha unga nusu sufuriani nakimbia, namkuta amekaa na kifuniko mdomoni, ananishangaa. Namnyanyua, namtekenya nyayo zote mbili mpaka acheke.