Mlinda Daraja

Mwanangu, zamani niliamini kwa akili zangu timamu kwamba mtu mmoja aliwahi kuzuia askari elfu kumi darajani, siku arobaini, bila kula wala kuketi. Alikuwa jambazi mdogo katika filamu ndefu ya Kichina, hadithi ya majambazi wa mlimani. Aliyenipa habari zake ni tonton Gaspard wa Lubumbashi, tonton yaani mjomba, aliyekuwa na saluni ya kunyoa pale Saint-Josse, mtaa wetu wa ughaibuni.

Kanda zake za video zilikuwa za Kichina kitupu. Jumapili alasiri tulijazana saluni humo vijana kumi, mimi husema mia, naye akitufasiria kwa mdomo kama wafanyavyo kwetu kwenye vibanda vya video. Alidai aliishi Uchina miaka saba. Siku moja mkanda ulikatika pale ambapo jambazi wetu, wenzake wote wamekimbia, amebaki peke yake darajani.

"Alikufa, tonton?" nikauliza.

"Akufe namna gani? Petit, kijana wangu, mukubwa yake alimurudilia na farasi mia. Muntu mwaminifu hawamuachake!"

Nililia machozi ya kujaza ndoo. Mwaka uliofuata tonton akahamia Kanada, akaniachia funguo. "Chunga salon, petit. Nitarudi kukutwaa." Basi, nikawa mlinda daraja.

Mchumba wangu Solange alikuwa amepata nyumba Auderghem, upande wa pili wa mji, na kazi ya kutunza wazee kwa ajili yetu sote wawili. Nikamwambia tumngoje tonton kwanza. Alingoja mwaka, akangoja wa pili.

"Tonton yako hata simu hapigake," akasema. "Alors, ni miye ao ni ile salon?"

Nilimcheka, mwanangu. Nikamwambia hajui uaminifu ni nini. Siku alipoolewa na mwingine nilikuwa nafagia nywele za watu, na bado nilikuwa natazama mlangoni. Mwaka wa tatu mwenye jengo akabadilisha kufuli.

Ndipo nilipojiandikisha shule ya jioni, Etterbeek, nikiwa mzee kuliko mwalimu na pengine kuliko jengo lenyewe. Niliketi na maman Lin, Mchina muuza mboga. Nikamsimulia shujaa wangu kwa mbwembwe zote, farasi wakafika mia tano. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kucheka.

"Kitabu cha hadithi hiyo nilikisoma nikiwa msichana," akasema kwa Kifaransa chake cha polepole. "Hakuna aliyemrudia. Anakufa palepale, kwa mstari mmoja tu wa kitabu. Mkubwa wake hata haulizi yuko wapi."

Shule nilimaliza, cheti ninacho. Solange sina.

Mwanangu, mtu akikuambia umngoje, muulize arudi lini, na siku hiyo ikipita, ondoka. Na anayekungoja wewe, mjibu leo, usimcheke. Mungu akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe, na miguu myepesi ya kumfuata kabla hajachoka.