Kibao cha Mabasi

Jirani yangu wa ghorofa ya juu huchora barabara za Amman kwenye ramani ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Hutafuna mbegu za tikiti na kuyapanga maganda mezani kama magari kwenye taa. Nilimwambia ambulensi iliyombeba marehemu mke wangu ilifuata ramani hiyo, ikaipita kona ya hospitali, ikaenda kugeuzia darajani, tukachelewa. Hakunipa pole. Alishuka, akasimama kwenye kona ile hadi adhuhuri, akarudi.

“Ami, kibao cha pale konani kinakataza mabasi tu kukata kona. Punda gani huyu kayazuia magari yote kwenye ramani?”

Akatafuta jina la mchoraji. Lilikuwa lake. Vidole vikakaa juu ya vitufe bila kubonyeza.

“Ifungue kona, binti yangu,” nikasema. “Wagonjwa wengine wapo.”