Mashine Tatu za Ghadir na Kikombe Kimoja cha Kahawa

Binti ami yangu Ghadir hajawahi kumaliza sahani ya chakula akiwa amekaa. Anakula matonge mawili, anainuka kulifunga dirisha lililokwisha kufungwa, anarudi, anakula tonge la tatu, anakumbuka simu. Tumekulia jengo moja hapa mjini Salt, Jordan, wao ghorofa ya juu na sisi chini, na usingizi wangu wote wa utotoni ulikatwakatwa na nyayo zake kichwani mwangu. Mama yangu alikuwa akiangalia dari na kusema, "Huyu atamchosha mume kabla ya fungate kwisha." Ghadir akimsikia, hujibu kutoka ngazini, "Nitamtafuta mwenye mapafu!"

Alichukua miguu ya mama yake na ulimi wa baba yake. Ami Mifleh, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu. Kukiwa na posa, suluhu au maziko, yeye ndiye alisimama, na watu waliacha hata kukohoa. Ghadir hakurithi kusimama mbele za watu, alirithi maneno. Aliandika gazetini Amman mpaka gazeti likafungwa, akafundisha shule mwaka mmoja akaona ukuta unamsogelea, halafu akaingia ofisi moja ndogo ya kuandikia watu mambo yao, na baadaye akanivuta na mimi nichore mabango. Tunaandika matangazo ya maduka, pongezi za waliofaulu mtihani, rambirambi, hotuba za harusi. Kama una la kusema na huna maneno, unakuja kwetu.

Mwaka huu, kabla joto halijaanza, bosi wetu Abu Hatim alirudi kutoka mkutano wa wafanyabiashara akiwa ameshika dini mpya. Akatuwekea kwenye kompyuta programu tatu za akili mnemba zinazoandika zenyewe, za majaribio, akamwita Ghadir.

"Bibi yangu, zipime zote tatu," alisema. "Ipi nzuri kwa matangazo, ipi kwa rambirambi, ipi kwa hotuba. Tusije tukamtuma mpishi akanyoe watu."

"Na mimi nitafanya nini zikishaandika?"

"Wewe utazikemea. Kazi hiyo hakuna mashine inayoiweza kama wewe."

Hakuna aliyetaka kumfukuza, tuelewane hapo. Ila kazi ile ilimkaa vibaya. Alizipa majina siku ile ile. Ya kwanza aliiita Dalali, kwa sababu haikuweza kuandika mstari bila kumhimiza mtu anunue. Ya pili ikawa Ustadhi: lugha safi, sentensi ndefu, haina haraka. Ya tatu ni Khala, kwa kuwa kama makhala zetu wote, dada za mama zetu, kila jambo ililililia.

Ukweli, tulicheka sana. Ghadir alizipa zote tatu kazi ile ile, akawa anazunguka meza tatu kama mtu aliyeacha vyungu vitatu jikoni. Tangazo la muuza falafeli, zile bajia zetu za dengu: Dalali alilimaliza vizuri, mtu akilisoma anameza mate. Ustadhi alianza na historia ya dengu. Khala aliandika kwamba falafeli ile inamkumbusha mama aliyetuacha. Kisha rambirambi ya mchinjaji wa mtaani, na hapo Khala aliandika maneno mpaka mimi mwenyewe nikajifuta macho, ingawa marehemu aliwahi kuniuzia nyama mbaya. Lakini Dalali! Dalali aliandika, "Wahi sasa, kikao cha maombolezo ni siku tatu tu!" Abu Hatim alikaa chini kwenye zulia akicheka.

Kwenye hotuba akashinda Ustadhi, bila mpinzani. Kila neno mahali pake, kila heshima kwa mwenyewe.

Kicheko kilikuwa chetu. Ghadir aliacha kucheka mapema. Nikimwangalia naona anafungua, anafuta, anasoma kwa sauti ya chini, anakwenda dirishani. Siku moja aliniambia, "Talal, nikiandika salamu kwa rafiki yangu sasa, najisikia naongea kama Ustadhi. Nikifuta, natoka kama Khala. Mimi mwenyewe nimekwenda wapi?"

"Umekwenda kuposwa," nilimwambia. "Ndiyo maana hujielewi."

Akanitupia kalamu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mutasim, mwalimu wa kemia kutoka Karak, mpole hata wanafunzi wake wanamwonea huruma, alikuwa anampenda, na Ghadir naye alikuwa anampenda vibaya sana, kwa namna yake ya kukataa kukaa kimya kila anapotajwa. Wazee wa Mutasim walikuwa waje kwetu Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, kumwomba rasmi. Na hapo ndipo penye mashaka. Baba yake, Abu Mutasim, ni mtu wa kiburi kizuri. Alishawahi kumposea mtoto wake mkubwa akarudishwa kwa maneno matamu, na tangu hapo ameapa mbele ya ukoo mzima: mlango utakaomrudisha hataugonga tena, hata mtoto alie damu. Ghadir alikuwa na miaka thelathini na nne. Alijua kwamba akimkosa huyu, hatapata mwingine.

Na Ami Mifleh hayupo. Wa kuwajibu wageni ni baba yangu, Abu Talal, aliyeendesha lori la bandari ya Aqaba maisha yake yote na anayeogopa watu arobaini waliokaa kimya kuliko mteremko wa Ras al-Naqab. Aliwahi kujibu posa mara moja, ya binti wa jirani. Alianza na Mungu, akapita kwenye bei ya dizeli, akamalizia kwa kumsifu marehemu ambaye hakuwa amekufa. Watu bado wanamtania. Kwa hiyo safari hii alimwambia Ghadir jikoni kwetu:

"Binti yangu, wewe ndiye mwandishi. Niandikie jibu. Nitasoma kama ulivyoandika, herufi kwa herufi. Sitaongeza, sitapunguza. Wallahi hata ukiandika nikohoe, nitakohoa."

"Ami, mimi nijiandikie kupewa mume?"

"Sasa nani? Talal? Atachora."

Alijaribu. Nilimwona ofisini akiandika mstari na kuufuta, akiinuka, akijaza birika ambalo limejaa. Kila alipoanza, alisikia sauti ya baba yake ikisema lile neno vizuri zaidi, na machozi yanamzuia. Nilimwonea huruma, na pia alinikera, maana angeniomba niketi naye tuandike mambo mawili ya kawaida yangetosha. Hakuomba. Alhamisi alikwenda kwa mashine zake. Akaiambia kila moja: andika jibu la familia ya bibi harusi kwa wageni waliokuja kuposa, familia imekubali. Dalali akaandika kama anayeuza nyumba. Khala akaandika kama anayezika. Ustadhi akaandika kitu cha fahari. Ghadir alikisoma tena na tena, akabadilisha majina, akakagua kila mstari, hakukuta kosa. Akakituma kwenye simu ya baba yangu kwa ujumbe.

"Kizuri?" nilimuuliza.

"Hakina kosa," alijibu, na hakuonekana kufurahi.

Ijumaa tulikodi viti, tukafungua milango ya vyumba viwili, wanaume wakajaa. Wanawake walikuwa jikoni nyuma ya pazia, trei za kunafa, kile kitamutamu chetu cha jibini na shira, zimefunikwa zinasubiri. Kazi ya dalla, lile birika la kahawa, ilikuwa yangu. Nilimimina kikombe cha kwanza, nikamwekea Abu Mutasim mbele yake, naye, kama desturi, hakukigusa. Mgeni wa posa hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie anywe. Akiambiwa anywe, ameshapewa. Asipoambiwa, anaondoka na kikombe kinabaki pale, na mji mzima unajua.

Abu Mutasim alisimama kwa joho lake jeusi, akasema kwa ufupi kwamba wamekuja kuomba binti yetu mwema kwa mtoto wao, na kahawa yetu hawatainywa ila kwa jibu. Akakaa. Mutasim, mwisho wa safu, alikuwa mweupe kama chaki ya darasa lake.

Baba yangu akasimama na simu, mkono mmoja nyuma. Akasoma.

Wallahi alisoma vizuri! Sikuamini kama ni yeye. "Enyi wageni watukufu, nyumba hii imepanuka kwa kuingia kwenu." Akasoma juu ya undugu wa Salt na Karak, juu ya ndoa kuwa nusu ya dini, juu ya marehemu kaka yake aliyemlea Ghadir kwa adabu. Wazee walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Kisha akafika mwisho: "Nasi tunaona ni heshima kubwa kuombwa na watu kama ninyi, na tunainua mikono yetu kwa Mwenyezi Mungu atuandikie sote lenye heri."

Akakaa. Akapangusa paji la uso. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshusha lori mlimani salama.

Nilitazama kikombe. Abu Mutasim naye alikitazama. Hapo nikaona jambo ambalo Ghadir hakuliona tangu Alhamisi, wala mimi, wala yeyote: mahali popote katika yale maneno ya fahari hapakuwa na "kunyweni kahawa yenu". Nani angekumbuka kuliandika? Ami Mifleh mwenyewe hakuwahi kuliandika, lilimtoka kinywani tu. Ghadir hakumwambia Ustadhi, kwa kuwa hakuna mtu kwetu anayehitaji kuambiwa, na Ustadhi hajawahi kukaa na kikombe mbele yake. Baya zaidi, ile "atuandikie lenye heri" ndiyo tunayoisema tunapomkatalia mtu bila kumvunjia heshima.

Nilimkonyeza baba. Akanitabasamia. Nikainua dalla kidogo, nikaonyesha kikombe kwa macho. Akafikiri ninamuuliza kama nimimine zaidi, akanifanyia ishara ya hapana. Kuropoka mbele ya wazee sikuweza. Akiwepo mkubwa wa nyumba, mtoto hasemi neno hilo, likisemwa na mwingine halina uzito.

Abu Mutasim alikusanya joho lake magotini. "Basi," alisema taratibu, "Mungu awalipe kwa makaribisho. Tumewasikia." Akaanza kuinuka. Nyuma yake viti vikaanza kulia kwenye sakafu.

Baba yangu alishtuka. Aliona watu wanasimama na hakuelewa kwa nini. Kwa hofu akafanya kile alichoapa kufanya: akarudi kwenye simu, labda ameruka mstari. Akateremsha kidole. Na kweli, chini ya hotuba kulikuwa na maneno mengine kutoka kwa Ghadir, yameingia wakati huo huo.

Baadaye mama alinisimulia yaliyotokea jikoni. Ghadir alikuwa ameganda nyuma ya pazia, sikio nje, na hotuba ilipokwisha akasema, "Kahawa," kwa sauti ndogo. Kisha, "Ya Rabbi, kahawa." Akanyang'anya simu mkononi mwa mama yangu, akaona si yake, akaitupa, akatafuta yake chini ya kitambaa cha kunafa, vidole vimejaa shira. Akaandika, akatuma, hakusoma alichoandika. Hakukikagua.

"Bado, bado, kaeni!" baba yangu alipaaza sauti. "Kuna iliyobaki." Akasimama, akajikohoza, akasoma kwa sauti ile ile ya fahari, herufi kwa herufi:

"Ami kwa ajili ya Mungu waambie wanywe kahawa yao, namtaka, namtaka, usiwaache waondoke."

Nilidhani nitaangusha dalla. Wanaume arobaini, wazee wa Salt na wazee wa Karak, na binti wa watu anatangaza mbele yao kwamba anamtaka mwanamume. Jambo hilo halisemwi. Linajulikana, linapangwa, kina mama wanalinong'ona, lakini halisemwi. Baba yangu mwenyewe alifika mwisho wa sentensi ndipo akaisikia, akabaki mdomo wazi, simu juu.

Abu Mutasim alikuwa amesimama nusu. Alilitazama pazia kwa muda. Kisha akakaa tena, akakichukua kikombe.

"Hajji, kimepoa," nilimwambia, "nikubadilishie."

"Niache nacho," alisema. "Mara ile nilisomewa maneno mazuri kuliko haya na nikarudi mikono mitupu. Leo nimeambiwa na mwenye neno lake." Akakinywa chote, akakipindua juu ya meza, akamgeukia Mutasim aliyekuwa analia waziwazi bila haya. "Na wewe jifute pua, utamtia aibu mke wako."

Hapo vigelegele vikapasuka kutoka jikoni, na kicheko, na mtu akalivuta pazia likaanguka na chuma chake. Wazee walikuwa wanapigana mabega kwa furaha. Baba yangu alinivuta shingo, akaniuliza sikioni, na hofu bado imo machoni:

"Talal, nimesoma vibaya?"

"Hapana, baba," nilimwambia. "Umesoma kama ilivyoandikwa." Nikaenda kuwamiminia wageni kahawa.