Chai ya Mwalimu wa Kwenye Simu

Harufu ya maziwa yaliyofurika na kumwagikia kuni hainisumbui kama inavyowasumbua wengine. Wenzangu huziba pua na kukimbilia kufungua madirisha. Mimi hukaa vizuri na kunyoosha mgongo, kama mtu anayesubiri kipindi kianze.

Nilikuwa kidato cha pili shule zilipofungwa kwa sababu ya corona. Tuliishi kwa bibi, mama yake baba, juu kidogo ya Tengeru, katikati ya migomba. Wenzangu walishangilia likizo, mimi nililia. Matokeo yangu ya muhula uliopita yalikuwa mabaya, na baba alishatamka mbele ya kila mtu kwamba nikifeli mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, hakuna cha kurudia darasa. Ningekwenda Usa River kukata maua mashambani kama binamu yangu. Baba hakuwa mtu mbaya, jamani. Ila neno lake likishatoka halirudi, na majani ya ng'ombe yalihitaji mtu wa kuyakata kila siku. Mtu huyo, shule zikiwa zimefungwa, nikawa mimi.

Simu kubwa pale nyumbani ilikuwa moja, ya bibi. Shangazi wa Mwanza alimnunulia ili waonane kwa video kila Jumapili baada ya ibada. Mama akirudi kuuza ndizi sokoni alininunulia bando kimyakimya, nami nikagundua kwamba mtandaoni kuna walimu wa kila somo, wanaofundisha bila kuchoka na bila fimbo. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, mezani sebuleni, nikaanza na fizikia.

Bibi akaja akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni, akimtazama kijana mwembamba mwenye tai aliyekuwa akichora waya na betri ubaoni.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni mwalimu wa fizikia, bibi."

"Ameingia nyumbani kwangu hajaniamkia."

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Kisha akaenda jikoni, akabandika maziwa, akayasahau mpaka yakafurika, akarudi na chai kwenye kikombe cha maua, kile kinachotolewa kabatini kwa ajili ya wachungaji na wakwe. Akakiweka mbele ya simu. Nilicheka mpaka nikapitwa na maelezo yote ya mkondo wa umeme. Chai ya mwalimu niliinywa mimi kipindi kilipoisha, na kuanzia siku ile ikawa ndiyo desturi. Hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika.

Wiki ile ile baba alitokea mlangoni na panga mkononi.

"Elihuruma! Ng'ombe wanalia njaa, na wewe umeikodolea macho simu?"

"Usipige kelele," bibi akasema. "Tuna mgeni."

Baba akaangaza sebule nzima. "Mgeni yuko wapi, mama?"

"Huyo hapo, anafundisha. Na hiyo kofia uivue."

Baba akaitazama simu, akakitazama kikombe kinachotoa mvuke, akamtazama mama yake. Akavua kofia. Kisha akaenda kukata majani mwenyewe, akinung'unika njia nzima, nami nikabaki na mgeni wetu.

Wageni wakazidi. Alikuja mama mmoja wa jiografia mwenye sauti ya kwaya, akaeleza jinsi ubavu mmoja wa Mlima Meru ulivyoporomoka zamani sana. Nikatoka nje kuutazama mlima niliozaliwa chini yake, nikaona haya kwamba sikuwahi kuuliza. Alikuja wa historia, akaja wa biolojia na matumbo ya ng'ombe. Siku hiyo baba alikaa chini mwenyewe, kofia gotini, mpaka mwisho. Siku ya kemia tulijifunza madini ya floraidi, yale yaliyomo kwenye maji yetu, na ndipo nikajua meno yangu yalipata wapi rangi ya kahawia. Miaka yote nilikuwa nikicheka huku nimeziba mdomo. Nikamweleza bibi, ambaye meno yake ni kama yangu.

"Kumbe si uchafu," akasema.

"Si uchafu, bibi."

Tukacheka wote wawili, midomo wazi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Baba alizitazama alama zangu moja moja. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua, akamwambia mama anitilie chai. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Nilikuwa tayari chuo cha ualimu nilipomkuta bibi, Jumapili moja, akimkemea shangazi simuni: "Zima video, mtandao leo ni mbovu, bando langu linaliwa bure!" Nikasimama pale pale mlangoni. Mtu huyu alijua fika nani yuko hewani na nani amerekodiwa. Alijua siku zote. Nikamuuliza.

"Baba yako ni mwanangu, namjua," alijibu bila hata kugeuka. "Ningemwambia mtoto anasoma, angesema atasoma jioni. Lakini ni nani anatumwa majani wakati mgeni amekaa?"

Leo mimi ni mwalimu wa kemia, na najivunia kusema hivyo. Masomo yangu nayarekodi pia, kwa ajili ya watoto walio mbali. Kabla sijaandika chochote ubaoni, nasema, "Shikamooni wazee wangu mlioko hapo nyumbani." Wanafunzi hunitania kwa hilo, nami nawaacha wanitanie. Somo la kwanza kabisa nililipeleka kwa bibi, nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Aliiitikia simu, si mimi niliyekaa ubavuni mwake:

"Marahaba, mwalimu."

Kisha akainuka, akaenda kubandika maziwa.