Mbuzi wa Ntheo na Tairi za Kuvutwa: Kutoka Nunguni Hadi Mutomo

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, walipandishwa nyuma ya pikapu ya mpwa wangu Mutinda, mbele ya duka lake pale Nunguni, na mabishano yakaanza kabla injini haijawaka.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mutinda alikuwa ameposa Mwikali, mwalimu wa shule ya msingi huko Mutomo, na siku hiyo ndiyo iliyopangwa kupeleka ntheo. Kwa msomaji asiye Mkamba, ntheo ni mbuzi ambao upande wa mume huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Mahari yaweza kulipwa polepole kwa miaka mingi, lakini bila ntheo hakuna ndoa mbele ya wazee, hata kama watu wamefunga pingu za maisha kanisani na wana watoto. Kwa kuwa baba yake Mutinda alikuwa amefariki, msemaji wetu alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Nzioka, aliyeendesha malori ya mchele na saruji Ukambani kote mpaka alipostaafu. Mimi nilikwenda kama mjomba.

Mabishano yalihusu magurudumu. Miaka ile ya themanini ilipokuwa inaelekea mwisho, vijana wenye magari walikuwa wameanza kupenda rimu pana za kung'aa zinazojitokeza nje ya bodi. Mutinda alikuwa amenunua nne. Tatizo ni kwamba tairi pana ya kulingana na rimu hiyo ingesuguana na bodi kila gari likikata kona. Kwa hiyo fundi wake alichukua tairi nyembamba, ya kipimo cha zamani cha pikapu, akaivuta juu ya rimu pana. Ukuta wa tairi, badala ya kusimama wima, ukawa umelala kwa mshazari kutoka kwenye rimu kwenda ndani, na chuma cha rimu ndicho kikatangulia nje. Ili kingo za tairi zikubali kukaa mahali pake, fundi alinyunyiza petroli kidogo ndani na kuwasha kiberiti. Ukatokea mlipuko mdogo na tairi ikajibana. Mutinda alinieleza jambo hilo kwa fahari.

Mzee Nzioka alizunguka gari mara moja, taratibu.

"Hii ni tairi ama ni ngozi ya ngoma?"

"Baba mkubwa, ikivutwa hivyo hailegei. Gari haiyumbi kwa kona. Muulize mjomba, yeye husoma vitabu."

Nikasema kwamba hilo la kona lina ukweli. Ukuta uliovutwa haupindiki sana, na usukani hujibu upesi.

"Ngoma ni sawa," Mzee akasema. "Lakini sijaona ngoma ikibeba mbuzi."

"Na lori lako, si lilikuwa linaharibika na kulala Sultan Hamud kila wiki?"

"Lilikuwa linalala na tairi zake."

Tulipakia kreti ya soda ya wakwe na gurudumu la akiba, ambalo lilikuwa la asili, chuma cheusi na tairi yake ya kawaida, tukaondoka.

Saa mbili tulikuwa tumekwisha kuteremka milima ya Kilungu na kuingia barabara kuu ya Mombasa. Lazima niseme kwa haki kwamba kwenye lami tairi zile hazikuwa na kasoro yoyote niliyoweza kuiona. Mutinda alizijaza upepo mwingi, kama fundi alivyomwagiza, na gari lilikwenda sawasawa Emali hadi Makindu hadi Kibwezi. Tulipokunywa chai Kibwezi, vijana wawili wa kituo cha petroli walikuja kuzitazama. Mmoja aliuliza bei. Mutinda akamtazama baba yake mkubwa, naye Mzee akaendelea kuloweka mkate kwenye chai.

Baada ya Kibwezi tuliiacha lami na kushika barabara ya vumbi inayokwenda kuvuka mto Athi na kuingia Kitui. Hapo safari ilibadilika. Upepo ule mwingi uliofaa kwenye lami ulifanya kila jiwe lipige hodi moja kwa moja mgongoni mwetu, na mara kadhaa nilisikia kokoto zikigonga chuma cha rimu, kwa sababu mpira haukuwepo nje kukikinga. Mbuzi walilalamika nyuma. Tulivuka daraja la Athi, na muda si mrefu tukafika kwenye mto wa msimu usio na daraja. Maji hayakuwepo, ulikuwa mchanga mtupu, mlaini, na lori moja lilikuwa limezama humo, wenyewe wakilichimbua kwa sepetu.

"Simama," Mzee Nzioka akasema. "Toa upepo."

Watu wote wanaoendesha kusini mwa Kitui wanaijua kazi hii. Tairi ikipunguzwa upepo hutanuka chini na kukanyaga mchanga bila kuchimba. Huvuki mto wa namna ile kwa njia nyingine.

"Fundi alisema hizi zisipungue hata kidogo," Mutinda akasema.

"Fundi wako amevuka mchanga wa wapi? Wa kujengea?"

"Mjomba?"

Nilisema nilivyoona: mchanga ulitaka upepo upungue, na tairi ilitaka upepo ubaki, na wote wawili walisema kweli. Mzee akanijibu kwamba mbuzi hawatafika Mutomo kwa maneno mawili ya kweli. Alishuka, akavunja njiti ya kiberiti, akaibana kwenye vali ya gurudumu la kwanza, akaendelea hivyo mpaka la nne. Pampu hatukuwa nayo. Tulikusudia kujaza Ikutha, ambapo hapakuwa mbali.

Tulivuka bila shida. Mzee alikunja mikono kifuani.

"Ona sasa."

Hatukuwa tumeuacha mto kwa mbali wakati barabara ilipopinda kulia. Mutinda hakuwa anakimbia. Gurudumu la mbele upande wa kushoto lilitoa sauti kama ya mtu anayekohoa, na gari likaangukia mtaroni kwa bega lake. Tairi ilikuwa imebanduka kabisa kutoka ukingo wa nje wa rimu. Haikupasuka, haikuwa na tundu. Iliyokuwa inaishikilia mahali pake ilikuwa nguvu ya upepo peke yake, na upepo tuliutoa.

Sisi hatukuumia. Tulipotazama nyuma, mbuzi jike mweupe alikuwa amelaliwa na kreti ya soda, na mguu wake wa mbele ulikuwa umevunjika.

Mutinda alikaa chini kando ya barabara. Mbuzi wa ntheo lazima awe mzima. Kilema hapokelewi, na kupeleka wawili mahali pa watatu ni kama kutokwenda. Tungerudi nyumbani, na siku nyingine ya ntheo hupangwa na wazee wa upande wa pili, wakitaka.

"Sasa baba mkubwa," akasema hatimaye, "ni rimu ama ni njiti?"

Mzee Nzioka alikuwa anatafuta jeki.

Saa saba tuliingia Ikutha polepole, rimu tatu za kung'aa na gurudumu moja jeusi. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Tulijaza upepo, tukamwacha yule mbuzi kwa mwenye bucha kwa bei aliyoitaka yeye, kisha tukamtafuta mwingine. Tulimpata kwa Bwana Hassan, mfanyabiashara wa mifugo ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini lakini yeye alizeeka hapo Ikutha na alisema Kikamba vizuri kuliko mimi. Nilimkagua mbuzi mwenyewe: meno, macho, kwato, kiwele. Alikuwa safi.

"Ni wa harusi?" Hassan akauliza.

"Ni wa ntheo."

"Basi sitawauzia bei ya harusi."

Mzee Nzioka alilipa kutoka mfuko wa koti lake, na hakuna aliyemwambia alipe.

Saa tisa alasiri tulifika kwa Mzee Kilonzo, baba yake Mwikali, nje kidogo ya Mutomo. Tulikaribishwa vizuri. Tulipewa maji ya kunawa, uji, kisha chai, na baada ya sala wazee wa pale wakatoka kuwatazama mbuzi. Desturi inataka mwenye kuoa asiseme, husemewa. Mutinda alikaa kwenye kibao, mikono kati ya magoti.

Bibi yake Mwikali, mama mzaa baba, ndiye aliyemshika sikio yule mbuzi wa Ikutha. Akalikunjua, akalipapasa kwa kidole gumba, akaanza kucheka.

"Kilonzo, njoo usalimie. Wametuletea mtu wa nyumbani."

Sikio lilikuwa na mikato miwili chini na mmoja juu. Hiyo ilikuwa alama ya ukoo wa Kilonzo. Mdogo wake Kilonzo alikuwa ameuza mbuzi kadhaa Ikutha juma lililotangulia. Kwetu milimani shamba ni dogo, mbuzi hufungwa kamba kando ya nyumba, na kukata masikio tulikwisha kuacha. Kule kwenye nyika, ambako makundi huchanganyika malishoni, sikio ndilo cheti cha mbuzi. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa kile ambacho mtoto wa Mutomo angeanza nacho.

Wanawake walicheka, lakini Mzee Kilonzo hakucheka.

"Mzee Nzioka," akasema, "huyu nikimpokea, binti yangu ameolewa kwa mbuzi wangu mwenyewe. Kwani Nunguni mbuzi wamekwisha?"

Sote tulimtazama msemaji wetu. Alikuwa na njia rahisi: kumlaumu Mutinda. Tangu alfajiri alikuwa amezisema zile rimu, na kijana hakuwa na ruhusa ya kujitetea.

"Mbuzi wetu alivunjika mguu njiani," Mzee Nzioka akasema. "Gari lilivua tairi. Tairi zile sizipendi, na kijana anajua. Lakini leo zilikuwa zinakwenda. Alikataa kutoa upepo, nikautoa mimi, kwa mkono huu."

Mzee Kilonzo alikwenda lilipokuwa gari. Tulimfuata. Alizunguka pikapu, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akaingiza ncha za vidole pale rimu ilipoupita mpira.

"Na Mwikali atapanda hii?"

Mzee Nzioka alifungua kinywa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Mutinda.

"Nitazitoa, mzee. Zote."

Kijana alikuwa amesema mahali pasipo pake. Mzee mmoja wa pale aliguna.

"Afadhali," bibi akasema. "Nilidhani tunamwoza kwa bubu."

Hapo Kilonzo akacheka kwa mara ya kwanza. Akamtuma mtu kwa jirani wa ukoo mwingine, na mbuzi wakabadilishwa, nyongeza kidogo ikitolewa na Mzee Nzioka, tena bila kuulizwa. Jua lilipokuwa linashuka, ntheo ilipokelewa, na beberu akachinjwa.

Siku ya pili mchana tulirudi. Kwenye mto wa mchanga tulilipa vijana wa pale watusukume, na upepo haukuguswa. Tulipofika lami Kibwezi gari lilitulia tena kama kwamba halikuwahi kumfanyia mtu lolote.

"Unaona, mjomba?" Mutinda akasema. "Hapa haina shida."

"Hapa haina," nikakubali.

"Unaishi hapa?" Mzee Nzioka akauliza, macho ameyafumba.

Nilichojifunza si kwamba rimu pana ni upumbavu wala kwamba wazee wanajua yote. Tairi ya kawaida husamehe: ijaze, ipunguze, ipakie, itakuvusha. Tairi iliyovutwa ina kipimo kimoja tu inachokikubali, na anayeifunga lazima pia achague barabara moja, abiria wa aina moja, na wazee wasioshuka garini. Kati ya Nunguni na Mutomo barabara ni tatu: ya lami, ya vumbi na ya mchanga.

Mwezi huo huo Mutinda aliziuza rimu Machakos, kwa mtu asiyeendesha nje ya mji. Alitaka kumrudishia baba yake mkubwa fedha za mbuzi; Mzee akakataa, akisema upepo ulikuwa wake na mbuzi ni wake. Kwa hiyo Mutinda alibaki na hasara ya rimu peke yake, nayo ilikuwa shilingi elfu moja na mia nane.